Saa Iliyokuwa Ikisikiliza Ujerumani

Mdogo wangu alipokuja likizo mara ya mwisho alimletea mama saa ya ukutani. Kwa kuitazama haikuwa na ajabu yoyote: uso mweupe, namba nyeusi, mishale miwili na ule mwembamba wa sekunde, na duara la plastiki la rangi ya fedha. Nilidhani amekosa la kuleta. Lakini aliitoa sandukuni kwa uangalifu, ikiwa imeviringwa ndani ya sweta, akamwekea mama mapajani na kumweleza kwamba saa hii haitaki kurekebishwa na mtu. Ndani yake mna redio ndogo isiyotoa sauti. Huko Ujerumani anakoishi kuna mlingoti unaotangaza saa usiku na mchana, na saa za aina hii huusikia na kujiweka sawa zenyewe.

"Haikosei, mama," alisema. "Hata ukitaka ikosee, haikosei."

Mama aliipindua, akaitazama nyuma, akaipindua tena. Aliuliza jambo moja tu: inasema saa za wapi?

"Za kwangu," mdogo wangu alimjibu.

Wakati ule Ujerumani ilikuwa nyuma yetu kwa saa moja. Mimi nikasema tutafute namna ya kuisogeza mbele ilingane na zetu, kwani saa isiyopatana na nyumba itatuchanganya. Mama akakataa.

"Za hapa nnazijua kwa adhana," alisema. "Hii iacheni hivyo hivyo. Nnataka iniambie mwanangu yuko wapi."

Tunaishi Mkunazini, Unguja mjini, mama na mimi, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani ambayo kuta zake ni nene hata mtu anaweza kukaa dirishani akakunja miguu. Saa tuliitundika chumbani kwake, juu ya kasha la nguo. Tangu siku hiyo mama akawa na saa za aina mbili, za adhana na za mwanawe. Akiingia kuvaa buibui huitupia jicho, kisha huniambia kama anayesoma habari: sasa anaamka, sasa yumo kwenye treni, sasa anawapa wazee chai. Mdogo wangu anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na mama alizijua zamu zake kuliko mimi ninavyozijua zangu. Zamu humalizika kabla ya saa tisa. Basi wakakubaliana kwamba saa ile ya ukutani ikisema saa tisa, mama apige simu. Kwetu inakuwa saa kumi, alasiri imeshasaliwa na jua limeanza kulegea. Wakizungumza mpaka wachoke, kisha mama huiacha simu kwenye chaji na kushuka kwa jirani yetu wa chini, ambako wanawake wa mtaa hukaa wakishona kofia mpaka karibu na magharibi.

Miezi ikapita hivyo, na mimi hata sikuwa nikiiona tena saa ile.

Mwisho wa Oktoba mama akaanza kunyamaza. Si kununa, maana mama akinuna nyumba nzima hujua. Alikuwa akinyamaza tu. Alikuwa na kofia mkononi aliyokuwa akiishona kwa ajili ya kaka yake wa Makunduchi, na kila jioni nilimwona akishona vitundu viwili vitatu kisha akivifumua. Nikamuuliza kama macho yanamsumbua, akasema macho hayana kitu.

Siku moja nimerudi kazini, sijavua hata viatu, akaniuliza kutoka jikoni:

"Mtu akishapata maisha yake, huwa hivi?"

Nikamuuliza hivi vipi. Ndipo akanieleza. Kila siku, saa ya ukutani ikisema saa tisa, anapiga simu, na simu inaita mpaka inakatika. Haipokelewi. Siku zote hizo hakutaka kuniambia kwa sababu anajua nitagombana na mdogo wangu, na yeye hataki watoto wake wagombane kwa ajili ya simu.

Nikapiga papo hapo na kuweka spika. Mdogo wangu akapokea mara moja, na kumbe na yeye alikuwa na lake. Kila akitoka zamu na kufungua kabati lake la kazini anakuta simu ya mama imeshapigwa karibu saa nzima nyuma, naye akipiga haipokelewi: mama ameshashuka kwa jirani, simu ameiacha kwenye chaji, na simu zilizompita hajui kuziangalia. Alikuwa ameanza kudhani mama kakasirika naye kwa jambo asilolijua. Kisha akauliza: kwani hatujui kwamba huko saa zimerudishwa nyuma?

Mama aliisogelea simu pale mezani kana kwamba ni mtu aliyekaa mbele yake.

"Saa yako hapa inasema saa tisa ninapokupigia," alisema.

"Basi imekosea, mama."

"Wewe mwenyewe ulinambia haikosei."

Mdogo wangu akaanza kueleza taratibu kwamba huko baridi ikikaribia watu wote hurudisha saa nyuma kwa saa moja, na mwisho wa Machi huzisogeza mbele tena, ili wasipoteze mwanga. Hilo mimi nilikuwa nimelisikia zamani na kulisahau. Alilolisema baadaye ndilo lililonishika. Kwake ana saa kama ile jikoni na nyengine chumbani, na hakuzigusa. Aliamka tu Jumapili akazikuta zimeshageuka zenyewe.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama ameshakula.

Upande wa simu ulimalizika siku ile ile. Walikubaliana kwamba mdogo wangu ndiye atakayepiga, na mama akawa anashuka na simu yake kwa jirani, ameitia ndani ya mfuko wa nyuzi. Kofia ikaanza kwenda mbele. Lakini saa ilibaki ukutani. Mama hakusema tuishushe. Aliacha tu kuitazama, na akiingia chumbani kuvaa buibui aligeuza uso kuelekea mlangoni. Nimeshamwona mama akiwafanyia watu hivyo. Sikuwahi kumwona akikifanyia kitu.

Mimi ndiye niliyeanza kusumbuliwa nayo. Kama inajirekebisha, mbona haikujirekebisha? Zile za mdogo wangu zimejuaje na hii isijue, na zote zimetoka duka moja? Ijumaa moja asubuhi niliishusha nikaipangusa vumbi. Nyuma hakukuwa na kile kitufe cha kuzungusha nilichokizoea kwenye saa zetu. Palikuwa na mahali pa betri, na kitufe kidogo mno chenye maandishi ya Kijerumani. Nikafanya tunachokifanya sote kwa kila kitu kilichogoma: nikaitoa betri, nikairudisha.

Mshale mrefu ukaanza kukimbia. Ulizunguka mbio huku ukiukokota ule mfupi, ukapita saa baada ya saa, mpaka yote miwili ikakutana juu kabisa, kwenye kumi na mbili. Hapo ikasimama. Hata mshale wa sekunde ulisimama nayo.

Mama alikuwa nyuma yangu bila ya mimi kujua. "Inangoja nini?" aliuliza.

Nikasema nadhani inasikiliza.

Ilisikiliza mpaka watu wakarudi kutoka sala ya Ijumaa, ikasikiliza mpaka magharibi. Asubuhi ya pili ilikuwa pale pale, mishale imekumbatiana juu. Nikafikiri labda ni kuta zetu, maana hata simu ndani ya chumba kile hushika kwa shida. Nikaipandisha juu ya paa tunakoanika nguo. Nikaiegemeza kwenye ndoo, uso umeelekea kaskazini, halafu nikaigeuza magharibi kidogo, halafu nikaishika mikononi na kuinyanyua. Jirani wa paa la pili, aliyekuwa akikung'uta mikeka, aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia naisikilizisha saa Ujerumani. Alicheka sana, kisha akatulia na kuniuliza kama haiwezi kusikia Maskati, kwa sababu wanawe wote wawili wako huko.

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili kwa wageni, na hakuna mgeni asiyejikwaa kwenye somo la saa. Nawaeleza kwamba sisi siku yetu huanza na jua, na baada ya jua kuchomoza na saa moja kupita, ndiyo saa moja. Wao wanaanza kuhesabu katikati ya usiku, wakati watu wamelala. Nikisema hivyo huwa wanacheka, na hapo ndipo wanapoanza kuelewa.

Muhula ule nilikuwa na mwanafunzi mmoja mzee wa Kijerumani, mwalimu wa muziki aliyestaafu. Mwanawe wa kiume ameoa Paje, na yeye alitaka kuweza kuzungumza na wakwe bila ya mkalimani. Alikuwa mwanafunzi mzuri, mwenye kuuliza. Siku ya somo la saa nilimwona akiivua saa yake ya mkononi na kuirekebisha kwa kubonyeza vitufe vya pembeni. Nikamuuliza. Akasema kwao haihitaji kuguswa, lakini tangu alipotua hapa hana budi kuiangalia mwenyewe.

"Saa yangu hapa ni kiziwi, Mwalimu," alisema. Neno kiziwi tulikuwa tumelisoma wiki ile.

Nikamsimulia habari ya saa ya mama. Nikamuuliza inasikia nini hasa, na kwa nini hapa haisikii. Alikuwa ameivaa saa ile miaka mingi, alisema, na hakuwahi kuuliza. Aliomba nimpe siku mbili.

Aliporudi alikuwa na furaha ya mtu aliyekwenda kutafuta sindano akarudi na mkufu. Aliniambia kwamba karibu na mji wa Frankfurt kuna uwanja wenye milingoti, na hapo linatoka wimbi moja la redio, refu, lisilobadilika, kama mtu anayeimba sauti moja bila ya kuvuta pumzi. Kila sekunde inapoanza, wimbi lile hupunguzwa nguvu. Likipunguzwa kwa muda mfupi, hiyo ni sufuri. Likipunguzwa kwa muda mrefu kidogo, hiyo ni moja. Sufuri na moja hizo zikijipanga dakika nzima zinakuwa ujumbe mmoja: dakika itakayofuata ni ya ngapi, ya saa ngapi, ya siku gani na mwezi gani na mwaka gani, na kama nchi iko kwenye saa za joto au za baridi. Dakika ikimalizika, ujumbe huanza upya.

Alichukua penseli akanipigia juu ya meza. Pigo fupi, pigo refu, fupi, fupi, refu. Alikuwa na mkono wa mtu aliyefundisha watoto ngoma na piano maisha yake yote, na darasa zima likanyamaza kumsikiliza. Alipokaribia mwisho wa dakika aliinyanyua penseli juu na hakuishusha.

"Sekunde hii hawapunguzi kitu," alisema. "Ni kimya. Saa ikisikia kimya, inajua kwamba pigo linalofuata ndilo dakika yenyewe."

Nilimkumbuka baba. Alikuwa na redio ya mkulima, hivyo ndivyo tulivyoiita, na kabla ya taarifa ya habari ililia milio mifupi kisha mmoja mrefu. Sote tulitakiwa tunyamaze. Baba alikuwa ameshaivua saa yake ya mkononi, amekivuta nje kile kijitufe cha pembeni, ameishika karibu na sikio kana kwamba nayo inatakiwa isikie. Mlio mrefu ukilia alikibonyeza ndani, na uso wake ukalainika, akaivaa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ile ni sehemu ya habari. Sasa nilimwona tena, amekunja uso, anangoja, na nikafahamu kwamba ndani ya saa ya mama kulikuwa na kitu kinachofanya kazi ile ile ya baba.

Nikauliza kwa nini basi haisikii hapa. Alisema wimbi lile lina nguvu ya kuenea Ulaya na kugusa pwani ya kaskazini ya Afrika, na hapo linachoka. Kufika Unguja limeshakwisha kabisa. Hata ningepanda juu ya mnara, nisingelipata.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba saa haikukosea kwa makusudi. Haikuwa imeambiwa. Ilikuwa ikienda kwa jambo la mwisho ililolisikia kabla ya kupanda ndege. Mama alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. Lakini jioni nilimkuta amesimama mbele yake, mikono nyuma, akiitazama.

Sikuweza kuiacha. Mchana wakati wa mapumziko nilikuwa nikisoma kwenye simu kila nilichokipata, na siku moja nikakutana na jambo nililolisoma mara tatu kwa kutoliamini. Kuna watu wanaoishi mbali na milingoti ya namna hii, na wamegundua hila. Spika ya simu ndani yake ina waya uliozungushwa. Simu ikitoa sauti nyembamba sana, waya ule huvujisha na wimbi dhaifu la redio, dhaifu hata halifiki upande wa pili wa meza. Ukiipata sauti inayostahiki, ndani ya mvujo huo linapatikana wimbi sawa na lile la Frankfurt. Zipo programu za simu zinazofanya hivyo, zinazopiga zile sufuri na moja kama mlingoti wenyewe. Saa ikilazwa juu ya spika, inasikia.

Mwalimu wa muziki alisema hapana, haiwezekani. Tukajaribu juu ya saa yake baada ya darasa. Tuliweka simu yangu mezani, saa juu yake, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Tulitega masikio na hatukusikia kitu. Alisema kwa huzuni kidogo kwamba sauti nyembamba kama hiyo umri ulishamwondolea, na kwamba kwa mtu wa kazi yake hilo ndilo lililomuuma zaidi katika kuzeeka. Saa nayo haikusikia. Tuliigeuza, tukaisogeza, mpaka mlinzi akaja kufunga milango. Mwanafunzi wangu aliivaa na kunifariji, na nadhani alikuwa amefurahi kidogo, kwa kuwa alikuwa ameshasema haiwezekani.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma pia kwamba wengine hutumia hedifoni za waya badala ya spika ya simu. Jumamosi nikaenda Mlandege nikanunua za bei rahisi kuliko zote. Nyumbani nikaishusha saa ukutani, nikailaza kifudifudi juu ya kitanda cha mama, nikauzungusha waya wa hedifoni nyuma yake na kuvilaza vile viwili vya masikioni karibu na mahali pa betri, maana mwanafunzi wangu aliniambia ndani yake mna kijiti cheusi kilichofungwa waya wa shaba, na hicho ndicho sikio lake. Nikachagua Ujerumani kwenye programu. Nikaitoa betri, nikairudisha, mishale ikakimbia mpaka juu na kusimama.

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda na tasbihi yake. Aliniuliza tunafanya nini. Nikamwambia simu inaisemesha saa.

"Mbona sisikii?"

Nikamwambia hata mimi sisikii. Wakati huo huo paka wetu, aliyekuwa amelala dirishani kwenye jua, aliinua kichwa. Masikio yake yaligeuka kuelekea kitandani, moja baada ya jengine. Akashuka, akaja mpaka miguuni mwa mama, akasimama akiitazama saa kwa namna anavyotazama tundu la panya.

"Huyu anasikia," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Tukakaa. Chini barazani wanawake wa kofia walikuwa wakibishana habari ya nyuzi. Niliigeuza saa kidogo ili tuuone uso wake bila ya kuiondoa kwenye waya. Mama alikuwa ameacha kuvuta tasbihi. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri maneno ya kumwambia ikishindikana, ndipo mshale wa sekunde ulipotikisika. Kisha ule mrefu ukaanza. Ulipita kumi na mbili, ukazunguka na kuzunguka, mfupi ukiufuata nyuma, na mimi nikiutazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayevuka barabara peke yake. Ukapunguza mwendo, ukasogea hatua mbili tatu, ukatulia. Mshale wa sekunde ukaanza kwenda taratibu kama saa yoyote.

Niliitazama saa ya simu. Kwetu ilikuwa saa sita kasoro robo. Ukutani kwa mdogo wangu ingekuwa saa nne kasoro robo, na hivyo ndivyo ilivyosema saa ya mama.

Mama aliinyanyua akaiweka mapajani, kama siku ile ya kwanza.

"Inadhani nani kaiambia?" aliuliza.

"Mlingoti wa Ujerumani."

"Na aliyeiambia ni simu yako."

"Ndiyo."

Alifikiri. "Basi tumeidanganya," alisema. Nikamwambia lakini saa yenyewe ni ya kweli, haikuzidi wala haikupungua. Akanitazama. "Mtu akisema kweli kwa sauti ya mwenzake, ni mkweli au mwongo?"

Hakusubiri nimjibu, kwani alikuwa ameshafika kwenye swali jengine. Simu imejuaje? Nikasema inaambiwa na mitambo ya mtandao. Na mitambo? Nikasema nayo inaambiwa na saa kubwa kuliko zote, za maabara, zisizotumia mishale, zinazohesabu mtikisiko wa kitu kidogo kuliko vumbi, na mlingoti wa Frankfurt una saa kama hizo pembeni mwake. Nilitegemea hapo ataridhika. Akauliza na hizo saa za maabara, huambiwa na nani?

Hilo nilikuwa nimelisoma siku mbili nyuma. Nikamwambia hakuna anayeziambia. Ziko nyingi, katika nchi nyingi, na hata hizo hazilingani kabisa. Moja hutangulia kidogo mno, nyengine huchelewa. Wenyewe wanapelekeana habari, wanazilinganisha, na lile wanalokubaliana kwa pamoja ndilo linalokuwa saa ya dunia.

"Kumbe ni kama mwezi," mama alisema.

Nikamuuliza mwezi gani.

"Mwezi wa kufunga. Mmoja kauona Tumbatu, mmoja kauona Pemba, mmoja anasema yeye anafuata wa Maka. Mwisho lazima watu wakae wakubaliane, la si hivyo nyumba moja huyu anafunga na huyu anakula." Aliipangusa saa kwa ncha ya khanga. "Nlikuwa nikidhani Wazungu wanayo moja tu, kila mtu anaangalia hiyo."

Tuliirudisha ukutani. Saa kumi na moja mdogo wangu alipopiga, mama hakumweleza habari ya hila. Alimwambia tu kwamba saa yake imepona. Nilimsikia mdogo wangu akiuliza nani kaitengeneza, na mama akamjibu kwamba dada yako na paka. Kisha wakaingia kwenye habari zao za kawaida, nani kaolewa Makunduchi, baridi huko ikoje, yule bibi wa chumba cha mwisho kama bado hataki kula.

Darasani nilimsimulia mwanafunzi wangu. Alivua saa yake akanipa, nami nikarudi nayo siku ya pili ikiwa imeshasikia. Aliishika sikioni muda mrefu, ingawa hakuna cha kusikia humo zaidi ya kile mtu anachokisikia kwenye saa yoyote.

Mwisho wa Machi, saa zao zilipokuwa zinataka kusogezwa mbele, mama alinikumbusha siku tatu kabla. Jumapili asubuhi nilimkuta ameshaishusha mwenyewe na kuilaza kitandani, anatafuta upande wa kutia betri. Alitaka kuifanya yeye. Nikamwonyesha mahali pa kubonyeza kwenye simu, akabonyeza, akakaa nayo kama anayekaa na mgonjwa. Ilichukua muda kuliko mara ya kwanza, nikasema tujaribu kuigeuza, akaniambia niache haraka, habari yenyewe inatoka mbali kote huko.

Mwanafunzi wangu wakati huo alikuwa ameshamaliza masomo yake na amerudi kwao kwa miezi ya joto. Alikuwa akiniandikia Kiswahili kizuri, chenye makosa machache ambayo siku hizi siyasahihishi. Siku moja alinitumia picha. Alisema amepanda treni, kisha akaendesha baiskeli, kwenda kuutazama ule uwanja, na kwamba ameishi nchi ile zaidi ya miaka sabini na hii ni mara yake ya kwanza.

Nilimpelekea mama simu. Hapakuwa na mengi kwenye picha: milingoti myembamba imesimama majanini, nyaya zisizoonekana vizuri, uzio, mawingu mengi. Nikamwambia hapo ndipo. Alivaa miwani. Akaniomba niikuze, nikaikuza, akaisogeza kwa kidole chake kutoka upande huu mpaka upande ule, polepole, kama anayetafuta uso wa mtu katika picha ya harusi.

"Hamna watu," alisema.

Nikasema labda wako ndani ya nyumba, kama ipo. Akaendelea kutafuta. Karibu na uzio akasimamisha kidole, juu ya baiskeli iliyoegemezwa.

"Hii ya nani?"

Nilimwambia lazima ni ya mwanafunzi wangu, ameshasema alikwenda kwa baiskeli. Mama aliitazama tena. Alisema mwandikie umuulize, kama ni yake au ya mlinzi, na kama kuna mlinzi, mchana kutwa pale peke yake huwa anafanya nini. Nikakaa kitandani pembeni yake nikaanza kuandika.